Kilo 275: kumbukumbu ya kuandaa gari langu, Toyota IST, kwa safari ya Moshi

Jumamosi, Oktoba 5, 2024

Desemba iliyopita, kati ya Korogwe na Mombo, tairi la nyuma kushoto lilipasuka. Sikusikia mlipuko kama watu wanavyosimulia. Ulianza mngurumo wa chini, kama vile tumeingia barabara ya vumbi, halafu nyuma ya gari ikaanza kuyumba. Niliachia mafuta, nikaushika usukani kwa mikono miwili, breki sikuigusa mpaka gari lilipopungua mwendo lenyewe, nikaliegesha pembeni. Nilipoinama kutazama, ukuta wa tairi ulikuwa umekatika kuzunguka karibu wote na mpira ulining'inia kama utepe. Nikaushika. Ulikuwa wa moto kiasi cha kunifanya nirudishe mkono haraka.

Tulikuwa watano, buti limejaa mpaka kioo cha nyuma hakionyeshi kitu, na keria juu. Hakuna aliyeumia. Spea tairi nayo ilikuwa haina upepo, kwa hiyo ilipakiwa kwenye bodaboda kwenda kujazwa na kurudi, na mama yangu akakaa kwenye jua saa mbili nzima. Sitaki yajirudie. Mwaka huu tunakwenda tena kuhesabiwa, yaani kurudi kwa bibi Moshi sikukuu za mwisho wa mwaka, na nimejipa miezi miwili na nusu ya kulijua gari langu kabla ya kuwapakia watu ninaowapenda.

Leo nimeanza kwa kusoma tu. Ubavuni mwa tairi pameandikwa 185/65R15 88S. Upana wake ni milimita 185, urefu wa ukuta ni asilimia 65 ya upana huo, R ni muundo wa radial (nyuzi za ndani zinakatiza tairi kutoka ukingo hadi ukingo), rimu ni inchi 15. Hiyo 88 ndiyo nilikuwa siijui: maana yake tairi moja linabeba hadi kilo 560, likiwa na upepo wake kamili. S ni mwendo, mwisho kilomita 180 kwa saa.

Kisha nikatafuta tarakimu nne za mwisho kwenye mstari unaoanza na DOT. Mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Matairi ya mbele yanasoma 3122, wiki ya 31 ya mwaka 2022. Nyuma kulia ni 0916. Nyuma kushoto, lile nililonunua mtumba siku ile ya safari kwa sababu kashata zake, yale mafungu ya mpira yanayokanyaga barabara, zilikuwa bado nene, linasoma 1114. Limetengenezwa Machi 2014. Nimetembea nalo karibu mwaka mzima nikiamini ndilo zima kuliko yote. Nilipolimulika na tochi ya simu nikaona mipasuko midogo kati ya kashata, kama udongo wa bondeni ukikauka. Kina cha kashata hakisemi umri wa mpira.

Jumamosi, Oktoba 12

Upepo. Kwenye nguzo ya mlango wa dereva kuna kibandiko cha Kijapani ambacho nimekipita miaka mitano bila kukisoma. Namba hazihitaji mkalimani: 220 kPa mbele, 210 nyuma. Kwa lugha ya fundi pancha, yaani kwa kipimo cha psi, ni 32 na 30.

Nimepita sheli tatu asubuhi hii na tairi lile lile, ndani ya nusu saa. Kipimo cha kwanza kilisema 31, cha pili 36, cha tatu 28. Nimenunua kipimo changu mwenyewe, kinakaa kwenye mfuko wa mlango. Ninapima asubuhi kabla gari halijatoka getini, kwa sababu tairi likishatembea hupata joto na upepo hupanda, na ukipima hapo unapima joto.

Sheli ya pili kijana aliniambia, "Dada, kama ni safari weka 44, si imeandikwa hapa?" Kweli imeandikwa ubavuni. Lakini hiyo ni mwisho wa uvumilivu wa tairi, siyo upepo wa kuendeshea gari hili. Tairi lililojazwa kupita kiasi hukanyaga kwa katikati tu, hula kashata za katikati na hushika barabara vibaya, hasa mvua ikinyesha. Lenye upepo mdogo ndilo baya zaidi kwangu. Tairi la saizi hii lina mzunguko wa karibu mita 2, kwa hiyo ukiwa kwenye 80 linazunguka mara 11 kila sekunde, na kila mzunguko ule ukuta laini unakunjwa na kunyooka. Ndiko unakotoka ule moto niliougusa Mombo. Nimetaka kuyaandika haya kwa sababu wengi tunadhani tairi hupasuliwa na msumari au jiwe. Langu lilipikwa taratibu tangu Dar.

Jumamosi, Oktoba 26

Nimenunua matairi mawili mapya. Nilitaka manne, mfuko ukakataa. Fundi alishaanza kuyapeleka mbele, kwani IST inavutwa na magurudumu ya mbele na huko ndiko kashata huisha haraka. Nikamwomba ayafunge nyuma. Tumebishana kwa heshima kama dakika kumi. Hoja yangu ni hii: mbele pakiteleza, gari linaenda moja kwa moja na unalisikia kwenye usukani, unapunguza mwendo. Nyuma pakiteleza, gari linageuka, na dereva wa kawaida kama mimi halirudishi. Yale ya mwaka 2022 yamebaki mbele, yana milimita 5 za kashata. Vile vinundu vya ndani ya mifereji, vinavyoonyesha tairi limekwisha, viko kwenye milimita 1.6, na mimi sitasubiri nivifikie.

Nati zilifungwa na ile mashine ya upepo, trrr, basi. Nyumbani nikajaribu kuzilegeza kwa spana iliyokuja na gari. Nilisimama juu ya spana kwa miguu yote miwili na haikusogea. Hebu fikiria nipo Same usiku na mama. Nilirudi gereji, akazilegeza zote, akazikaza upya kwa mtindo wa msalaba, moja kisha iliyo mkabala nayo, kwa spana yenye kipimo cha mkazo. Toyota wanataka niutoni-mita 103. Nimezigusa tena baada ya kilomita 60 na hakuna iliyolegea.

Jumamosi, Novemba 16

Spea. Ni lile tairi jembamba la dharura, chini ya zulia la buti. Kipimo kilisoma 18. Juu yake pameandikwa 420 kPa, yaani 60, karibu mara mbili ya matairi mengine, na mwisho wa mwendo kilomita 80 kwa saa. Mwaka jana aliyelijaza aliweka 30 kama tairi la kawaida, nasi tukaondoka nalo tukishukuru. Leo lina 60. Nimejaribu pia jeki na nimebadilisha gurudumu zima peke yangu, dakika 34.

Jumamosi, Desemba 7

Hii ndiyo sehemu iliyonikosesha usingizi.

Kwenye faili la gari bado ninayo ile hati ya kusafirishia nje kutoka Japani. Uzito wa gari kilo 1,040, na humo mafuta ya tangi yameshahesabiwa. Uzito wa jumla kilo 1,315. Tofauti ni 275. Gari la watu watano: 275 ukiigawa kwa 5 unapata 55. Wajapani wanampigia kila abiria kilo 55 na hawaweki hata begi moja.

Nikaleta mizani sebuleni. Mimi 71. Mdogo wangu 84. Mama 68. Mwanangu mkubwa 47, mdogo 28. Jumla 298. Tumeshapita kabla ya kufungua buti. Kisha nikapima kila tulichopanga kubeba: gunia la mchele 50, ndoo ya mafuta ya kula 19, mabegi 61, katoni mbili za maji 19, mablanketi na masufuria ya bibi 22. Hiyo ni 171. Ukijumlisha vyote ni 469, kilo 194 zaidi ya karatasi. Na mwaka jana, nikikumbuka ile keria, tulikuwa zaidi ya hapo.

Mdogo wangu alisema mtengenezaji lazima ameacha akiba. Huenda ameacha, ila sina karatasi inayoniambia ni kiasi gani. Akasema tena, si tairi moja linabeba 560, manne ni 2,240? Ndiyo, lakini tairi halibebi peke yake. Kuna springi, kuna shokamzoba, na kuna breki ambazo ndizo zitakazosimamisha uzito wote huo pale mtoto atakapokatiza barabara.

Basi tumekata. Mchele hauendi, mchele wa Kahe na Mabogini uko hapo hapo Moshi. Mafuta ya kula na masufuria makubwa tumeyatuma kwa basi. Mabegi yamerudi kwenye 38, maji katoni moja 9.5, mablanketi na sufuria ndogo 14. Keria imebaki ukutani. Bado tulikuwa 359.5.

Mdogo wangu alinyamaza, akatazama daftari, akasema, "Dada, mimi nipande basi." Mama hakupenda. "Gari lina nafasi, mtoto wangu apande basi kama mgeni?" Nilimwelewa. Kwake nafasi ni kiti kilicho wazi. Nilikaa naye jikoni nikamwonyesha picha ya lile tairi la mwaka jana, nikamwambia kiti kinatosha lakini magurudumu hayatoshi. Hakujibu. Jioni alimpigia simu shangazi akamwambia kijana anatangulia na basi.

Bila yeye tunafika 275.5.

Jumamosi, Desemba 21

Saa kumi na moja alfajiri, uani: mbele 32, nyuma 33. Nyuma nimeongeza kidogo kwa ajili ya buti. Mabegi mazito yako chini kabisa, yamebanwa kwenye mgongo wa kiti cha nyuma, mepesi juu, na hakuna kilichopita usawa wa kiti. Kioo cha ndani kinaona barabara. Watoto wamefunga mikanda, na nyuma ya vichwa vyao hakuna kitu kigumu kinachoweza kuruka breki zikikamata.

Tulipita Bagamoyo tukatokea Msata. Kwenye vijiji nimekwenda 50 kama vibao vinavyotaka, kwingine 80, mara chache 90. Mombo tulisimama kula. Nikapima kwa hamu ya kujua tu: mbele 36, nyuma 37. Fundi pancha aliyekuwa karibu alikuja na kijiti, tayari kupunguza. "Mama, imezidi hiyo, itapasuka." Nilimshukuru nikamzuia. Upepo haukuongezeka, ni joto la barabara na jua. Ukiupunguza sasa, kesho asubuhi tairi litakuwa na 28 na ndipo litaanza kujipika. Niliweka kiganja kwenye ukuta wa kila tairi. Yote manne yalikuwa na uvuguvugu sawa, kama kikombe cha chai iliyosahauliwa kidogo.

Kwa kuwa nilikuwa dereva peke yangu nilisimama kila baada ya saa mbili. Tuliingia Moshi saa kumi na moja jioni. Mdogo wangu alikuwa stendi anatungoja, na ndoo ya mafuta miguuni.

Jumatatu, Desemba 30

Kesho tunarudi. Bibi hawezi kumwacha mjukuu aondoke mikono mitupu, na mimi siwezi kukataa mkungu wa bibi. Nimeomba ile mizani ya kuning'iniza ya kahawa. Mikungu miwili ililetwa: mmoja 33, mwingine 24. Parachichi kwenye kiroba, 11. Maji na mablanketi vimebaki huku, mabegi yamepungua hadi 36.

214 za watu, 36, 24 ni 274. Mkungu wa kilo 33 na kiroba cha parachichi vinapanda basi na mdogo wangu, na bibi mwenyewe ndiye aliyeamua, akiwa amesimama pembeni ya mizani na fimbo yake anahesabu kwa sauti pamoja na wanangu. Ule wa 24 utalala chini ya buti, shina limeelekea mbele. Kipimo nimeshakiweka mfuko wa mlango kwa ajili ya alfajiri.