Ruzuku za kiangazi na mitaa iliyogawanywa ya St. Louis

Katika vyuo vikuu vingi vya Marekani, posho ya mwanafunzi wa uzamivu hupangwa kwa miezi tisa ya masomo; ifikapo Juni posho hukoma, ilhali mwenye nyumba anaendelea kudai kodi yake. Mwanafunzi wa kigeni hubanwa zaidi, kwa kuwa viza ya masomo haimruhusu kufanya kazi nje ya chuo bila kibali maalumu. Kwa hiyo ruzuku ya kiangazi, hata ikiwa ndogo, ndiyo huamua nani ataingia kwenye hifadhi ya nyaraka na nani atatafuta kibarua hadi muhula ufunguliwe. Katika utafiti wa ubaguzi wa makazi mijini jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu waliokulia katika mitaa iliyotengwa ni nadra kuwa na wazazi wanaoweza kuwagharimia miezi mitatu ya utafiti.

Nitautolea mfano mji wa St. Louis, jimboni Missouri, ambako Chuo Kikuu cha Washington kilianzisha mwaka 2014 mpango wa kuchunguza utengano wa mijini, uitwao The Divided City (Mji Uliogawanyika), kwa fedha za shirika la ufadhili la Mellon Foundation, na mpango huo ukatenga ruzuku za kiangazi kwa wanafunzi wa shahada za juu. Msomaji wa Dar es Salaam anaifahamu historia ya Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na anajua kwamba uwanda wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi na wakoloni ili kuitenga Kariakoo na mitaa ya wengine. Utengano wa namna hiyo unaonekana kwenye ramani ya serikali. Ule wa St. Louis ulianza kwa sheria ya wazi, kisha ukajificha. Mwaka 1916 wapiga kura 52,220 dhidi ya 17,877 walipitisha sheria iliyomzuia mtu kuhamia kwenye mtaa ambao zaidi ya asilimia 75 ya wakazi wake walikuwa wa rangi nyingine. Mwaka uliofuata Mahakama ya Juu ya Marekani ilibatilisha sheria za aina hiyo katika kesi iliyotoka mji wa Louisville, jimboni Kentucky, na ubaguzi ukahamia kwenye mikataba ya majirani ya kutowauzia wala kuwapangisha watu weusi, iliyosajiliwa pamoja na hati za nyumba. Familia ya Shelley, Wamarekani weusi waliotoka Mississippi, ilinunua nyumba namba 4600 Labadie Avenue mwaka 1945 na kushtakiwa kwa mkataba uliotiwa saini mwaka 1911. Ilipofika 1948 Mahakama ya Juu iliamua kwamba mahakama yoyote haiwezi kutumika kutekeleza masharti hayo.

Masharti yenyewe yamebaki yametawanyika katika maelfu ya kurasa za usajili wa ardhi, na njia mojawapo ya kuyajua ni kuzipitia hati moja baada ya nyingine, kuandika anwani, kisha kuziweka kwenye ramani ambayo mkazi wa leo ataifungua na kuitafuta nyumba yake. Kazi hii haiwezi kufanywa kwa kudokoadokoa kati ya kufundisha na kusahihisha mitihani.

Utafiti unapoandikwa kwa ajili ya wakazi, unafika mbali. Mwaka 2014 ripoti iitwayo For the Sake of All, ya watafiti wa vyuo viwili vya mji huo, ilionyesha kwamba mtoto anayezaliwa katika eneo la posta namba 63106, upande wa kaskazini wenye wakazi wengi weusi, alitarajiwa kuishi miaka 67, na yule wa 63105, huko Clayton, kitongoji jirani chenye wakazi wengi weupe na wenye uwezo, miaka 85. Tofauti hiyo ya miaka 18 haihitaji shahada ili ieleweke. Vilevile mwaka 2023 msanii Damon Davis alisimamisha nguzo nane za mawe karibu na uwanja mpya wa kandanda, kuukumbuka mtaa wa Mill Creek Valley uliobomolewa kuanzia 1959, ubomoaji uliowahamisha watu wapatao 20,000, wengi wao weusi.

Waliokuwa watoto siku za ubomoaji huo sasa ni wazee, na ushuhuda wao hauwezi kusubiri. Hapa ndipo ninapotofautiana na bajeti nyingi nilizozisoma: zinalipia nauli, kinasa sauti na chakula cha mtafiti, lakini mama wa miaka 80 anayekaa nusu siku akieleza kanisa lao lilisimama wapi hatengewi chochote. Anatoa elimu ambayo haimo maktabani, naye anastahili kulipwa kama anavyolipwa mhadhiri mgeni.

Muda pia ni mfupi mno. Majuma kumi yanatosha kupitia hati, ila hayatoshi kuaminiwa na watu waliokwisha kupimwa na kuchorewa ramani mara nyingi kabla ya kubomolewa. Ningependa wafadhili watoe fungu hilo kwa viangazi viwili, cha kwanza kwa kukusanya na cha pili kwa kurudisha matokeo mtaani, na sehemu ya mwisho ya fedha ilipwe baada ya wakazi kuyaona na kuyasahihisha. Mwanafunzi anayekusudia kuomba asingoje tangazo litoke. Aende mapema kwenye makanisa na vyama vya wakazi, aulize ni swali gani wao wenyewe wanataka lijibiwe, kisha aliandike swali hilo katika aya ya kwanza ya ombi lake.