Moyo wangu kwenye daftari la madeni

Asubuhi ile nilikuwa mwaloni Kibirizi, Kigoma, nampimia mteja dagaa. Kopo likanidondoka. Nikataka kuomba radhi, ulimi ukagoma, mkono wa kulia ukaning'inia tu. Jirani yangu akapiga kelele: "Mama Zuhura, mdomo umeenda upande!" Robo saa haikuisha, kila kitu kikarudi. Wenzangu wakasema ni upepo mbaya, nikalale. Zuhura akakataa, akanipeleka hospitali palepale. Namshukuru mpaka leo, maana kiharusi kidogo kikishapita, kikubwa kinaweza kufuata hata ndani ya siku mbili.

Presha ilikuwa 168 kwa 96. Nikapewa dawa za presha na asprini. Kipimo cha umeme wa moyo hakikuonyesha kasoro, nikaambiwa ni presha tu. Sikuridhika. Kuna usiku moyo ulikuwa ukinirukaruka kama samaki aliyetupwa ndani ya mtumbwi, na kipimo kile ni cha sekunde chache. Moyo ukiwa umetulia wakati huo, kitaona nini?

Nikaanza kujipima mwenyewe. Vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba, nahesabu mapigo dakika nzima. Nyuma ya daftari ninaloandikia wadaiwa wangu nikawa naandika tarehe, saa, idadi, na neno moja: "sawa" au "ovyo". Wiki tatu, "ovyo" mara tano, zote usiku.

Daktari mwingine alilisoma daftari lile ukurasa kwa ukurasa, akaniandikia rufaa. Dar es Salaam nikavalishwa kifaa chenye waya kifuani saa 24. Ndipo ikajulikana: vyumba vya juu vya moyo vilikuwa vinatetemeka badala ya kusukuma. Damu hutuama humo, ikaganda, na bonge likichomoka huenda kuziba mshipa wa ubongo.

Asprini ikasimamishwa, nikaanzishiwa warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande. Napimwa damu mara kwa mara. Namba ya INR, inayoonyesha damu inachelewa kuganda kiasi gani, inatakiwa iwe kati ya 2 na 3. Matembele na kisamvu sikukatazwa, ila nile kiasi kilekile, nikizidisha mboga hizo, dawa hupungua nguvu. Dawa za presha siachi hata siku moja. Kosa nililofanya ni kununua diklofenaki, dawa ya maumivu, kwa ajili ya goti bila kuuliza kama inapatana na warfarini. Fizi zikavuja damu siku mbili. Sasa kadi yangu ya warfarini inakaa ndani ya daftari lilelile, na muuza dawa huiona kabla sijamwambia ninachoumwa.