Bigijii, Singapore na sheria za kusikia tu

Jamani hizi sheria za nchi za watu tunazosimuliana, tuwe tunaziangalia vizuri kwanza. Mara ya kwanza nasafiri kwenda Singapore, tuko kwenye ndege, mwenzangu akaniona natafuna bigijii akashtuka, "Tema haraka, ukishuka nayo mdomoni unachapwa viboko!" Nikaitema kwenye tishu mikono inatetemeka, na safari nzima iliyobaki sikupata hata lepe la usingizi nawaza hiyo fimbo.

Baadaye nikakaa nikasoma mwenyewe. Kumbe kilichopigwa marufuku tangu 1992 ni kuingiza na kuuza, kutafuna siyo kosa, na tangu 2004 zile za matibabu unazipata kwa mfamasia. Yule kijana Mmarekani aliyechapwa viboko 4 mwaka 1994, ambaye watu wanamhusisha na bigijii, kosa lake lilikuwa kuharibu magari ya watu. Ila sasa pakiti iliyokuwa kwenye begi langu, ambayo hakuna aliyeniambia kitu, hiyo ndiyo ingeniletea shida kwa sababu kuingia nayo ni kuingiza, hata kama ni ya kutafuna mwenyewe!

Na hili ndilo linaloniuma, tunaogopa pasipo na hatari halafu penye hatari tunapita tumetulia. Wengine wanasema Ureno madawa ya kulevya ni ruksa, siyo kweli, tangu 2001 kukutwa na kiasi kidogo cha kutumia mwenyewe si jinai lakini bado ni kosa, unapelekwa mbele ya kamisheni, yaani jopo maalum la kushughulikia watumiaji, na kuuza ni jela kabisa.