Mshika Mwanzi

Watu wa rika langu wakikaa pamoja, nyama ikiwa bado iko jikoni, hawachelewi kuanza kutajiana waigizaji wa Kaole, lile kundi la maigizo ya runinga. Huyu anamwigiza Muhogo Mchungu, yule anamkumbuka Mzee Kipara, mwingine anaapa kwamba Kanumba alimfahamu tangu akiwa Kaole, kabla ya filamu na kabla ya kifo chake cha Aprili 2012. Mimi nachangia kidogo. Maigizo yale ya ITV niliyafuata kama wao, ila mengi niliyafuata kwa masikio, nikiwa nje, nimekumbatia mwanzi.

Mwaka 2003 tulikuwa tunakaa Isanga, Mbeya, upande ule ambao nyumba zinaanza kuukwea mlima Loleza. Mtaani kwetu vilikuwepo video, yaani runinga, vitatu au vinne, lakini watoto tuliweza kukisogelea kimoja tu, cha Mama Mwalimu. Wengine walikuwa na mapazia mazito na mbwa. Cha Mama Mwalimu kilikuwa cha chogo, inchi 14, nyeusi na nyeupe, kimefunikwa kitambaa cha kufuma chenye ua la plastiki juu yake. Kitambaa kile hakuna aliyekigusa isipokuwa yeye mwenyewe, na alikitoa taratibu, kama anayemfunua bibi harusi.

Kiingilio hakikuwa pesa. Huko Mwanjelwa kwenye kibanda umiza ndiko walikotoza, tena kwa filamu za karate tu. Kwa Mama Mwalimu ulitakiwa kuosha miguu bombani. Anayeijua Mbeya ya mwezi wa saba ataelewa kwamba hicho kilikuwa kiingilio kikubwa kuliko shilingi hamsini.

Tatizo lilikuwa antena. Ilifungwa kwenye ncha ya mwanzi mrefu ulioletwa kutoka Tukuyu, na mwanzi ulichomekwa kwenye kipande cha bomba kilichofukiwa nyuma ya nyumba. Bomba lilikuwa pana kuliko mwanzi. Upepo ukishuka kutoka mlimani, antena inageuka, na ndani watu wanabaki wanatazama chenga. Dawa ilikuwa kumweka mtu aushike. Walijaribu vigingi, wakajaribu vitambaa, mwisho wakanijaribu mimi. Nilikuwa na miaka kumi na moja, mrefu kupita wenzangu, na sikujua kukataa.

Kazi ilikuwa na lugha yake. Mama Mwalimu anasema karibu na kideo, kijana wa dirishani anapokea, mimi napelekewa. "Kushoto!" Kushoto kwako au kwangu? "Rudisha! Umepitiliza! Hapo hapo, usiguse!" Nisiguse vipi, na mimi ndiye niliyeushika? Basi nasimama hapo hapo, mikono imekufa ganzi, nasikia mlango wa kwenye igizo unafungwa, mwanamke analia, halafu watu wa ndani wanaguna kwa pamoja. Nilijifunza kupima uzito wa jambo kwa urefu wa mguno.

Nikirudi nyumbani mama alikuwa ananingoja jikoni nimsimulie. Yeye hakwenda, alisema mtu mzima hawezi kuoshwa miguu na mtu mzima mwenzake. Nilimsimulia yote: sura ya mume, kitenge cha mke, rangi ya gari. Nusu ya nguo zile nilizishona mwenyewe njiani.

Sasa, wiki moja igizo lilikatika pabaya. Mume alikuwa ametoweka muda mrefu, mke alikuwa ameanza kumkubalia mtu mwingine. Usiku, hodi ikabishwa. Mke akauliza nani, kimya, akauliza tena, na majina ya waigizaji yakaanza kupanda. Mtaa ulikaa siku saba unabashiri. Fundi baiskeli alisema ni mume. Muuza maandazi alisema ni mama mkwe, maana mama mkwe ndiye hasemi jina lake mlangoni. Walikaribia kugombana kweli.

Na hapa nieleze kitu ambacho wakati ule sikumwambia mtu. Baba yangu alikuwa dereva wa lori, anapeleka mizigo Zambia kupitia Tunduma. Safari zake tulizizoea, wiki moja, wiki mbili. Mara ile ilikuwa inaingia wiki ya tano. Simu mtaani zilikuwa za kuhesabu, na yeye hakuwa nayo. Mama alikuwa ameacha kumtaja. Wageni walipomuuliza, alijibu "yupo" na kugeuza maneno.

Usiku wa igizo lenyewe Mama Mwalimu aliruhusu hata watu wazima wasimame mlangoni. Nilipanda kwenye tofali langu nikaushika mwanzi. Upepo ulikuwa mkali kiasi kwamba waya ulikuwa unachapa bati. Ndani wakasema picha imetulia, safi kabisa, leo hata vifungo vya shati vinaonekana. Hodi ikapigwa. Mke akauliza nani. Halafu sauti ya mwanaume, ya kukwaruza, ya mtu aliyelala njiani, ikasema, "Ni mimi. Nimerudi."

Ilikuwa sauti ya baba. Naijua hoja, haikuwa ya baba, baba hajawahi kufika Dar es Salaam kuigiza. Lakini ile kukwaruza ilikuwa yake, na namna ya kulivuta neno "nimerudi" ilikuwa yake. Nilitaka kumwona uso. Tu huo uso. Dirisha lilikuwa hatua nne kutoka kwenye mwanzi, nami nikaziruka zote.

Nilipofika dirishani nikakuta chenga.

Chenga tupu, na mngurumo kama wa mvua juu ya bati. Vichwa vyote vikageuka kwa pamoja kunitazama, mimi niliyetakiwa kuwa nyuma ya nyumba. Nikakimbia kurudi, nikaugeuza mwanzi huku, nikaugeuza kule, kushoto, rudisha, na hakuna tena aliyekuwa ananielekeza, walikuwa wanapiga kelele tu. Picha iliporudi, lilikuwa tangazo la sabuni.

Kwa Mama Mwalimu hakuna aliyeuona uso wa yule mwanaume. Fundi baiskeli alishikilia kwamba sauti ni ya mume, muuza maandazi akasema sauti inaweza kuwa ya shemeji, na wiki iliyofuata ndiyo tukakosa umeme jioni nzima. Mimi nilipewa jina la Chenga. Wapo wanaoniita hivyo mpaka leo, na watoto wao wananiamkia, "Shikamoo mjomba Chenga."

Mama nilimsimulia. Nilimwambia mume amerudi. Akauliza amevaaje. Nikasema koti la bluu, ametoka safari, amechoka, ana begi. Mama akachochea moto, akauliza, "Mkewe akamfungulia?" Nikasema ndiyo.

Baba alirudi siku tisa baadaye, asubuhi, si usiku. Lori lilikuwa limeharibika ng'ambo wakasubiri kipuri. Hakubisha hodi, alikohoa tu uani kama kawaida yake, na koti lake lilikuwa la kahawia.

Adhabu yangu haikufika mwezi. Aliyenirithi kwenye mwanzi alipata mafua, nikaitwa nirudi, na safari hii Mama Mwalimu alinipa sweta la marehemu mumewe, lililonifika magotini. Nililivaa misimu miwili.

Mwaka 2013 matangazo ya zamani yalipozimwa Mbeya na kila mtu akahangaika kutafuta king'amuzi, nilikuwa nimeshahama. Juzi juzi nilipita kumsalimia Mama Mwalimu. Amestaafu, ana runinga bapa ukutani, kubwa, na haitazami. Tulikaa nje. Mparachichi wake ulikuwa umezaa hadi matawi yameinama, ila mazuri yalikuwa juu. Akaingia nyuma ya nyumba akatoka anaburuta mwanzi mrefu, umekuwa mweusi kwa moshi na mvua, ncha yake imefungwa ndoano ya waya.

"Shika," akasema. "Huu unaujua."

Nikaushika. Akarudi nyuma hatua mbili, akakinga macho kwa mkono, akaanza: kushoto, kushoto, umepitiliza, rudisha.