Singulariti ikifika Lamu, itakwama wapi?

Hadithi nyingi za akili unde huvunjikia mahali pamoja. Ukurasa wa 10 mashine inajua kujiboresha, ukurasa wa 12 kila kitu ni bure, na kuanzia hapo mwandishi habaki na la kusimulia ila vita vya mashine njema na mashine mbovu. Ubunifu anao. Alichokosa ni hesabu.

Wazo lenyewe la singulariti, yaani mashine kujiboresha mpaka imwache binadamu nyuma kabisa, ni la kitambo. Mwanahisabati I. J. Good alilieleza mwaka 1965: mashine ikimshinda binadamu katika kila kazi ya akili, na kubuni mashine ni kazi ya akili, basi itabuni iliyo hodari kuiliko, nayo hiyo itabuni nyingine. Mwaka 1993 Vernor Vinge, mwandishi wa hadithi za sayansi, aliandika kwamba atashangaa jambo hili likitokea kabla ya 2005 au baada ya 2030. Mvumbuzi Mmarekani Ray Kurzweil hutaja 2045. Chagua mwaka wowote utakao. Hilo si kubwa. Mwamu, mwenyeji wa Lamu, anajua kuwa maji yakijaa hupwa, kwa hiyo yeye atauliza yatajaa hadi wapi.

Ukiandika hadithi yako ya Lamu, anza na kompyuta moja ya akili unde yenye vichakataji 8. Kila kichakataji cha daraja la juu hula wati 700 hivi. Ukiongeza feni, diski na umeme unaopotea, weka kilowati 10. Kwa siku ni yuniti (kilowati-saa) 240. Paneli ya jua ya wati 550, kwa saa 5 za jua kamili na asilimia 20 ya kupotea njiani, hukupa yuniti 2.2. Unahitaji paneli 110, karibu mita za mraba 280, na betri za kuvusha usiku mzima. Usisahau chumvi: hewa ya Lamu hula viungio vya nyaya kabla ya kula paneli, na kiungio kilicholika hupata moto. Hapo tayari una mhusika, fundi wa kuzunguka na kitambaa na kipimo, ambaye mashine yenye akili kuliko wanadamu wote haiwezi kulala bila yeye.

Sasa ikuze. Tuseme nguvu ya kukokotoa inaongezeka maradufu kila miezi 6, na ufanisi wa umeme unaongezeka maradufu kila miaka 2. Baada ya miaka 10 nguvu imekuwa mara 1,048,576, ufanisi mara 32 tu. Matumizi ya umeme yamepanda mara 32,768, yaani kutoka kilowati 10 hadi megawati 328. Kilele cha matumizi ya Kenya nzima kilivuka megawati 2,300 mwaka 2025. Mwaka wa 12 wa hadithi yako, mashine inataka megawati 2,621. Imepita nchi.

Huo umeme utatoka wapi? Hapa ndipo siasa inapoingia hadithini bila kulazimishwa. Kwasasi, upande wa bara, palipangwa kituo cha makaa ya mawe cha megawati 1,050. Juni 2019 mahakama ya mazingira ikafuta leseni yake baada ya wenyeji kupinga. Mashine yako itakutana na watu hao hao.

Joto nalo. Kuondoa kilowati 10 kwa maji yanayoruhusiwa kupanda nyuzi 5 tu kunataka karibu nusu lita kila sekunde, lita 1,700 kwa saa. Usichote visima: maji matamu ya Lamu hutoka chini ya matuta ya mchanga ya kijiji cha Shela, na ukivuta kupita kiasi maji ya bahari huingia. Tumia bahari yenyewe, lakini yasifike kwenye vichakataji. Yapite kwenye kibadilisha joto cha titani, na ndani uzungushe maji safi. Mdomo wa bomba uwe chini ya kina cha bamvua (maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu) likipwa kabisa. Ukiupima wakati wa maji mafu, bamvua la kwanza litauacha mkavu na pampu itaungua. Hata ukiupima vyema, chaza wataujaza, na mtu atazamia kuwakwangua.

Wengi huruka pia hesabu ya mhandisi wa kompyuta Gene Amdahl, ya mwaka 1967. Ukiharakisha sehemu moja tu ya kazi, sehemu iliyobaki ndiyo huamua kasi. Chukua jahazi linaloundwa Matondoni, kijiji cha kisiwani Lamu. Tuseme kufikiri, kupima na kuchora ni asilimia 10 ya muda, na asilimia 90 ni kutafuta mbao zilizopinda zenyewe za mataruma (mbavu za chombo), kuchonga, kupiga misumari na kutia kalafati. Akili isiyo na mwisho ikimaliza ile 10 kwa sekunde moja, jahazi linatoka kwa kasi ya mara 1.11. Ndiyo singulariti nzima hiyo, kwa fundi wa Matondoni, mpaka mashine ipate mikono isiyooza kwa chumvi.

Karani hana bahati hiyo. Mwanauchumi David Ricardo alionyesha mwaka 1817 kuwa hata anayekushinda kwa kila kitu anafaidika kukuachia kazi fulani, na waandishi wenye matumaini hulipenda sana hilo. Ni kweli, ila halisemi mshahara utatosha. Mashine ya kilowati 1, kwa shilingi 25 kwa yuniti, inagharimu shilingi 25 za umeme kwa saa. Ukihesabu umeme tu, ikifanya kazi ya makarani 10, hakuna atakayemlipa karani zaidi ya shilingi 2.50 kwa saa, na bei ya unga haishuki kwa mwendo huo. Punda wa Lamu wamebaki na kazi kwa sababu gari halipiti vichochoroni, si kwa sababu wanalishinda. Basi katika hadithi yako tafuta kichochoro cha kila mhusika: ni kitu gani hasa kinazuia mashine isipite?

Halafu, nani mwenye mashine? Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, Waitaliano walirushia setilaiti kutoka jukwaa la San Marco baharini; tarehe 12 Desemba 1970 iliruka ile iliyoitwa Uhuru, ya kwanza kutumwa mahsusi kuchunguza eksirei za angani. Teknolojia ya juu kabisa inaweza kukaa mbele ya kijiji bila kuwa ya kijiji.

Waandishi wa ng'ambo hujibu kwa pato la kila mtu kutoka serikalini. Lipa kila mkazi shilingi 20,000 huku nyumba za Shela ni zile zile, na sehemu kubwa itaishia kwa wenye nyumba. Mimi ningejaribu wakfu, mali iliyotolewa moja kwa moja kwa ajili ya kheri. Haiuzwi, hairithiwi, faida pekee ndiyo hugawiwa. Madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi pwani, yanakubali wakfu wa kitu kinachohamishika, kama kitabu au mnyama, alimradi dhati yake inabaki kinapotumiwa. Chakula hakifai, kwa kuwa kukitumia ni kukimaliza. Je, akili unde? Vichakataji huchakaa. Modeli yenyewe haichakai, lakini hunakiliwa mara elfu kwa dakika. Wakfu umeshika kipi, na nakala iliyoko Mombasa ni ya nani? Wape masheikh wawili wabishane hapo sura nzima.

Na mutawali, msimamizi wa wakfu, apige hesabu. Mashine ya shilingi milioni 40 yenye umri wa miaka 5 inataka kuwekewa akiba milioni 8 kila mwaka, takriban 667,000 kwa mwezi, kabla ya mayatima na madrasa kupata chochote. Akigawa zote Ramadhani ya kwanza atapendwa sana. Ningeanzia hadithi mwaka wa nne, vichakataji 3 kati ya 8 vimekufa, sanduku halina kitu, na kampuni ya mbali imejitolea kuikarabati mashine bure.