Kodi niliyoandika kwa peni

Aisee mi programu yangu ya kwanza chuo niliiandika kwa peni kwenye karatasi ya mtihani, lugha yenyewe C, ile ya Dennis Ritchie ya 1972, ukisahau nukta mkato tu maksi imeenda (mama nilivyomwambia tunaandika kodi akajua naenda TRA, kwa watu wa ushuru 😂). Pointa ndo zilinitoa jasho, yaani haishiki namba yenyewe, inashika anwani ya pale namba ilipokaa kwenye memori, nikaja kuelewa siku mshkaji aliponichorea vyumba vya gesti na namba za milangoni. Somo la databesi nililichukulia poa, lugha yake ni SQL, unaomba data kama unaagiza chipsi. Sasa kazini ndo hiyo SQL kila siku, C sijaigusa tena.