Siku tatu ufukweni na watoto

Tumerudi jana usiku, mchanga bado umejaa kwenye viatu na mifuko ya kaptula. Siku tatu tu katika mji wa pwani, lakini sijawahi kuwaona wanangu wakilala fofofo namna ile.

Kilichonigusa zaidi ni maji kupwa. Bahari ilirudi nyuma ikaacha vidimbwi vya kufika kifundoni, vuguvugu kabisa. Binti yangu mdogo, anayeogopa mawimbi, alichuchumaa pale karibu saa nzima akimtazama kaa aliyehamia ndani ya gamba la konokono. Kivuli chake kikimwangukia, kaa anajivuta ndani. Akitulia, macho mawili yanachungulia tena.

Wenye watoto wadogo, ulizeni ratiba ya maji kabla ya kupanga siku. Kutoka kupwa hadi kujaa ni kama saa 6, na kila siku maji huchelewa kwa takriban dakika 50, kwa hiyo saa ya jana si saa ya leo. Na muogelee walipo walinzi wa ufukwe, tafadhali.

Leo asubuhi, kabla hata ya chai, binti ameuliza kama yule kaa atamkumbuka.